Siku Mwalimu Ndambiri Alipofungua Ncoolo

Tangu Mwalimu Ndambiri aanze kutufundisha tamathali za usemi, Kidato cha Tatu chetu hapa Kanyakine kimeharibika kabisa. Hatuongei tena, tunachambua. Mpishi akisema maharagwe yake yanaweza kulisha Meru nzima, mtu anadakia: chuku. Naibu wa mwalimu mkuu akiuliza, "Mnadhani hapa ni sokoni?" darasa zima linanong'ona: swali la balagha. Na mimi, Kathure, ndiye mgonjwa kuliko wote. Juzi mama alisema jiko limemnunia, nikamwambia hiyo ni tashihisi, akanituma kuni.

Wiki jana tukafika kwenye ishara. Mwalimu alisema ishara ni kitu kinachosimamia jambo kubwa kuliko chenyewe, kisha akataka kila mmoja alete moja kutoka nyumbani. Jumatatu Mukiri, ninayeketi naye dawati moja, alileta pete ya ndoa ya mamake, akaamriwa airudishe mbio kabla mwenyewe hajaikosa. Wengine walileta Biblia, Biblia na Biblia. Hiyo ni takriri, na ilinichosha. Kwetu, juu ya kabati, kulikuwa na ishara ya kweli.

Ilikuwa ncoolo, kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani na kamba za mgomba. Wazee wa kina Muthomi walikuwa wameileta Jumamosi kutoka Mitunguu, kumposa dadangu Gladys. Kwetu, baba akiifungua na kutafuna, binti ametolewa. Ikikauka bila kufunguliwa, wageni wameshajibiwa.

Baba aliwapokea vizuri, akawapa chai, akaiweka ncoolo juu ya kabati na kunyamaza. Jumapili alisema bado anaomba. Jumatatu alisema ana kahawa ya kupogoa. Gladys, anayeuza dawa za mifugo pale Nkubu, alitoka asubuhi akiitazama na kurudi jioni akiitazama, na majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya udongo. Alimpenda Muthomi hata chakula hakikumpita kooni. Hiyo si chuku, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimalizia sahani zake.

Jumanne niliitia ncoolo mkobani. Nia yangu ilikuwa kuirudisha kabatini kabla baba hajatoka shambani.

"Umetuletea nini, Kathure?" mwalimu aliuliza nilipoiweka mezani kwake.

"Ishara, mwalimu."

Akainama na kuinusa. Mwalimu Ndambiri ni mtu wa Embu, na kwao kuna muguka, jamii ya miraa, ambao huuzwa kwa mifuko na kufunguliwa popote, hata pale wanapoegesha bodaboda. "Miraa? Shuleni?" alisema, na kabla sijapata neno akaivuta kamba.

Majani yakafunguka mezani.

"Mwalimu," Mukiri alisema polepole, "hiyo kitu haifunguliwangi hivyo. Hapo umemwoza dada ya Kathure."

Msichana mmoja nyuma akapiga kigelegele. Wenzake wakapokea, na wavulana wakaanza kugonga madawati, na mwalimu wa Kidato cha Pili akaja dirishani kuuliza ni nani amekufa au ni nani amezaliwa. Mwalimu Ndambiri alikuwa ameketi, chaki mkononi, akinisikiliza nikimweleza. Nilipofika mwisho alipangusa uso na kuuacha na vumbi jeupe.

"Nimeoza binti ya mtu," alisema. "Na mimi mwenyewe sijaoa."

Tulijaribu kuifunga tena. Kila mtu alijifanya fundi, kila mtu alivuta kamba upande wake, na tulipomaliza ilionekana kama kabichi iliyokanyagwa na ng'ombe. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikamkumbuka Gladys na kicheko kikakatika.

Saa kumi tulishika njia ya nyumbani, mimi na mwalimu, yeye akiwa amebeba kabichi yetu kwa mikono miwili. Tulimkuta baba uani akinoa panga. Mwalimu alisimama mbali kidogo.

"Mzee, mimi ndiye nimefungua," alisema. "Sikujua. Nimekuja kuomba msamaha."

Baba aliweka panga chini. Akaichukua ncoolo, akailaza magotini, na ile kazi yetu yote ya darasani ikafumuka yenyewe.

"Mimi sijafungua," alisema. "Aliyefungua ni mgeni. Kwa hivyo haijafunguliwa. Kesho nitawarudishia watu wa Mitunguu kitu yao, na hayo maneno yaishe."

Nilitaka ardhi inimeze, na sikujali tena hiyo inaitwaje. Nilikuwa nimemharibia dadangu maisha kwa sababu ya somo. Nilifungua mdomo nimsihi baba, lakini lango lilikuwa limeshalia.

Gladys aliingia akiwa bado na koti la kijani la dukani. Akamwona baba. Akaona majani yamelala wazi magotini pake. Mkoba ulimponyoka, akaja mbio, akapiga magoti mavumbini na kumkumbatia baba shingoni.

"Umefungua, baba," alisema, akilia na kucheka pamoja. "Asante. Nilikuwa nimeanza kufikiria huwezi. Asante, baba."

Mwalimu Ndambiri alitaka kusema kitu. Mama, aliyekuwa mlangoni pa jikoni, alimnyooshea mwiko, naye akakaa kimya.

Baba alinitazama juu ya bega la Gladys. Sijawahi kumwona ametazama hivyo, kama mtu anayeuliza njia. Sikuweza kumsaidia. Mikono yake ilibaki hewani, halafu ikashuka mgongoni kwa dadangu.

Baba yangu ni mzee wa kanisa na hajawahi kutia miraa mdomoni. Alichukua kijiti kimoja, akakimenya vibaya, akatafuna. Alikohoa. Akatafuna tena, macho yakiwa yamemjaa maji, nasi sote tukakubali kwamba ni uchungu wa miraa.

"Huyo kijana anajua unaogopa radi?" aliuliza.

Gladys aliinua kichwa. "Sijamwambia."

"Mwambie. Mwambie mvua ikianza kunguruma aamke." Akameza kwa shida. "Mimi huwa naamka, nakaa hapo nje ya mlango wako mpaka itulie."