Sura ya Shemeji Kwenye Sahani

Kibaya chajiuza, kizuri chajitembeza. Kwa wiki tatu, fundi wa kuchonga kalibu za kufinyangia sahani kiwandani alipita ofisi moja baada ya nyingine na kipande cha chuma kizuri mfukoni mwa koti, akikinadi kama mchuuzi wa karanga. Wenzake walimwita Bi Tupa, maana ulimi wake, kama tupa ya fundi, nao ulikwangua chuma.

"Unga wa plastiki wa sahani ukishindiliwa kwenye moto hutoa mvuke mkali," alimweleza meneja. "Mvuke huo unatafuna kalibu. Nimevipika vipande viwili humo siku kumi na moja. Hiki changu bado kioo. Hiki anachotuuzia shemeji yako kimekuwa maharage yaliyobunguliwa."

"Chuma ni chuma, mama."

"Na jino ni jino, ila la maziwa halivunji mfupa. Tukichonga kalibu kwa chuma hicho, utaiona sura ya shemeji yako kwenye kila sahani."

Kalibu ilichongwa kwa chuma cha shemeji, kaka wa mke wa meneja. Aliichonga Bi Tupa mwenyewe, kwa kuwa amri ni amri.

Mwezi wa pili, Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, mashine ilifunguka ikatoa sahani yenye sura ya shemeji: kipara, chunjua ya kidevuni, vyote. Sahani ilipoa, ikafumbua macho, ikasema, "Kile chuma ni cha reli kuukuu. Nilikipaka rangi." Iliyofuata ikasema hivyo hivyo. Mkaguzi wa ubora akapima. Kipenyo sawa, unene sawa, sura moja. Akagonga muhuri.

Sahani zilipendwa. Watoto waliozoea kubakiza chakula sasa walikimaliza ili wamsikie mjomba wa sahani. Wazazi walilalamika tu kwamba anaongea na mchuzi mdomoni. Shemeji mwenyewe alinunua sita, na hakuona kasoro isipokuwa pua. Akaagizwa alete chuma cha kalibu ya pili.

Akabaki Bi Tupa. Alikuwa amemtukana ndugu wa meneja, kwa hiyo asaini barua ya kuomba radhi, au arudishe ufunguo wa karakana aliyoishika miaka kumi na minane.

"Sahihi moja tu, mama, yaishe," alisema meneja, akimsogezea sahani ya biskuti.

"Shemeji," ikasema sahani kutoka chini ya biskuti, "mimi nimeshakiri. Bi Tupa aombe radhi ya nini?"

Meneja akaifunika kifudifudi. Biskuti zikamwagika; akaokota moja, akala.

Bi Tupa aliweka ufunguo mezani, na kando yake kile kipande chake cha chuma. Bado kiling'aa. Meneja alijiona ndani yake, akanyoosha tai.

"Siombi radhi," alisema Bi Tupa. "Na kesho msinitumie mtu. Siombi."