Ukuta wa Shangazi Magreth

Mzee Gabrieli wa Kilakala alikuwa na majarida ya zamani mengi kuliko marafiki. Kila moja lilikaa kwenye nailoni yake, yote ndani ya sanduku la bati, na ole wake atakayeligusa. "Akiba haiozi," alipenda kusema. Haya.

Humo mlikuwa na jarida lenye hadithi pekee aliyowahi kuchapisha marehemu mkewe, Agnes. Agnes alifariki binti yao Jesca hajaota hata meno. Kwa Jesca, mama alikuwa hadithi hiyo tu, na aliiomba tangu utotoni. "Utaichana," baba alimjibu. "Mikono yako ina mafuta." Mwishowe akaahidi: "Siku wakwe zako watakapokuja kujitambulisha, nitakupa."

Paa la nyumba yake ya Kilakala lilipoanza kuvuja, mzee alilipeleka sanduku milimani, Nyandira, kwa dada yake Magreth. "Nitunzie makaratasi yangu," akamwambia. Makaratasi! Zaidi ya hapo hakueleza, maana mambo yake hayakuwa ya kuambiwa watu.

Kwa kuwa paa bado lilivuja, wakwe wakapanga kufika Nyandira, kwa shangazi. Jesca na baba yake wakatangulia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone nilivyokupambia!"

Ukuta wote wa sebule, wa udongo, ulikuwa umebandikwa majarida kwa uji wa muhogo, kama alivyofanya mama yake Magreth kila walipongoja wageni. Kurasa zimenyooka, hazina hata kikunjo. Kazi ya mapenzi, jamani! Utamlaumu nani?

Mzee akaketi chini palepale. Jesca akalitafuta jina la mama yake, akalikuta karibu na dirisha, akasoma kwa sauti. Msichana anaosha vyombo mtoni, anasikia akiitwa, anageuka. Ukurasa ukaishia hapo. Nusu ya pili ilikuwa upande wa nyuma wa karatasi ileile, imegandana na udongo. Wakajaribu kuibandua kwa kitambaa cha maji, ikatoka vipande vipande.

Jesca akamgeukia baba yake. "Basi nisimulie wewe, baba. Nani alimwita?"

"Nilisoma ukurasa wa mbele tu. Sikutaka kuukunja."

"Miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa natunza, mwanangu."

Jesca akamkazia macho. "Ulikuwa unamtunzia nani?" akauliza.