Karai la Mama Mkwe

Mhandisi mgeni alichuchumaa uwanjani, akapima mahali palipobonyea chini ya dirisha la chumba cha watoto, akasema ni "dip". Mkalimani, ambaye leo alikuwa akitafsiri kwenye uwanja wa kwake mwenyewe, alishusha pumzi. Tangu jiko la jirani limezwe na ardhi mchana kweupe, usingizi ulikuwa umemhama.

Hata hivyo akauliza, maana wasiwasi haukubali neno moja: kwa nini si "sinkhole"? Mhandisi akaeleza kwa upole. Dip ni ardhi iliyolala chini tu. Imebonyea ikatulia, na chini yake imeshiba. Sinkhole imeliwa kwa ndani, haitulii, kila siku inazidi kutitia. Wenye dip wanabaki kwao. Wenye sinkhole wanahama leo hii. Kisha akataka mama mkwe wa mkalimani aulizwe kama pale panaongezeka kina.

Mama mkwe hakutaka hata kuisikia habari ya kuhama nyumba aliyoijenga marehemu mumewe.

"Hapajaongezeka hata chembe," alisema. "Tangu mvua ziishe pako vilevile."

Mkalimani alifungua kinywa atafsiri, macho yakaliangukia karai lililoegemezwa ukutani, lina udongo mbichi. Kila alfajiri alimsikia mama mkwe akifagia, naye akicheka kitandani kwamba kwa usafi wa mama huyu hata jani huomba ruhusa kuanguka. Kumbe hakuwa akifagia tu. Alikuwa akifukia, wageni wasije wakaona uwanja una pengo kama kibogoyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Mama, udongo huo unaujaza wapi?"

Mama mkwe alitazama pembeni. "Mwanzoni nusu karai lilitosha, mwanangu. Siku hizi najaza mpaka mgongo unakataa. Asubuhi nakuta umekwenda."

Mkalimani alimgeukia mhandisi, akamweleza yote. Mhandisi alirudi nyuma taratibu, akikanyaga palepale alipokwisha kukanyaga.

Mama mkwe hakujua Kiingereza, lakini miguu ya mtu mwenye hofu haihitaji mkalimani. Aligeuka, akalitazama lile dirisha.

"Watoto wamelala mle," alisema, na tayari alikuwa akikimbilia mlango wa nyuma.