Dawa Iliyochoka Kabla ya Asubuhi

Walimwita Mlezi, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa mwilini. Kazi yake pale maabara ilikuwa kulea seli: kuzilisha, kuziosha, kuzihamishia visahani vipya zikibanana, na kuziweka kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu. Aliingia miaka kumi na tisa nyuma kama mwosha vyombo. Shahada hakuwa nayo, ila macho alikuwa nayo, na daftari alimoandika kila alichokiona, aulizwe asiulizwe.

Mwaka ule alikuwa akilea seli za ngozi za binti wa miaka sita, mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma. Kila seli ina vifuko vidogo vya kusagia taka, na kilichosagwa hutolewa kitumike tena. Vifuko vya binti yule vilikuwa na mlango mbovu. Asidi amino moja, kijenzi kimojawapo cha protini, ilibaki ndani isitoke, ikajazana hadi ikaganda kama chumvi. Figo za mtoto ndizo zilizokuwa zikiumia.

Daktari kijana, aliyerudi masomoni karibuni, alikuwa akijaribu dawa mpya ya kuitoa asidi ile. Alitia dawa asubuhi, akapima kesho yake asubuhi. Mara zote jibu lilikuwa lilelile: vifuko vimejaa pomoni.

"Basi," alisema Jumatano moja, akivua glavu. "Dawa hii haifanyi kitu. Ijumaa namwandikia mkuu tuifunge kazi."

Mlezi alikuwa akipangusa meza. Alijua alichokijua, lakini mdomo ulikuwa mzito. Nani amsikilize mlisha seli mbele ya msomi? Akaweka kitambaa chini.

"Samahani, daktari. Inafanya."

"Nini inafanya, mama?"

"Dawa. Inafanya kazi, ila haikai." Akamfungulia daftari. "Ona. Saa moja baada ya kuitia, nikivitazama kwa hadubini, vifuko vinanywea. Jioni vinaanza kuvimba. Asubuhi unapopima wewe, vimesharudi vilivyokuwa. Unafika karamuni watu wameshakula na vyombo vimeoshwa, halafu unasema hapakupikwa."

Daktari alicheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole hadharani. "Mama, hadubini haipimi asidi amino."

"Ndiyo maana nakuomba upime wewe. Mimi nina macho tu. Mashine unayo."

Daktari akalitazama daftari, akageuza kurasa mbili, akageuza ya tatu. "Kesho," akasema. "Siku moja tu."

Kesho yake Mlezi alipanga visahani kumi na sita, nusu vya binti, nusu vya mtu mzima wa afya. Alivuna seli baada ya saa moja, baada ya saa tatu, baada ya saa sita, na vya mwisho Ijumaa asubuhi. Kila mara aliziosha mara tatu kwa maji baridi ya chumvi, maana hata chakula chao kina asidi ileile, na tone moja likibaki linaidanganya mashine.

Ijumaa mchana daktari aliita kutoka chumba cha pili. "Mama! Njoo!"

Kwenye kioo cha kompyuta mstari ulikuwa umeporomoka. Saa moja baada ya dawa, asidi ilikuwa imeshuka hadi sehemu moja ya tano. Saa ya tatu bado iko chini. Saa ya sita inapanda. Asubuhi, palepale juu. Asidi amino nyingine hazikutikisika hata kidogo; dawa ilifungua mlango mmoja bila kuvuruga nyumba.

"Miezi minne," alisema daktari, akikaa. "Miezi minne nimekuwa nikipima dawa iliyokwisha kufa. Nisamehe, mama. Nilikucheka."

"Ulicheka kidogo tu," alisema Mlezi, na safari hii wakacheka wote wawili.

Barua haikuandikwa. Walianza kutia dawa kila baada ya saa sita, na vifuko vikabaki vimenywea. Fundi chuma alipokuja kliniki, Mlezi alimweleza wazi kwamba hiyo bado ni dawa ya visahani, haijawa ya mtoto. Baba mtu aliomba kuona. Mlezi akampeleka maabara, naye akainamia hadubini kwa muda mrefu.

"Hizi ni za mwanangu?"

"Za mwanao. Zina ukaidi! Zinakua kuliko zote humu."

Fundi akainuka kifua mbele, kama aliyesomewa matokeo ya mtihani.

Siku ya kutangaza kazi ile, ukumbi ulijaa makoti meupe. Daktari alifika kwenye mchoro wa ule mstari, akashuka jukwaani. "Hapa," alisema, "ataeleza aliyeona kabla yetu sote."

Mlezi alipanda. Sentensi mbili za kwanza zilitetemeka. Ya tatu ikasimama wima, na baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe, saa kwa saa, kisahani kwa kisahani. Profesa mmoja mwenye mvi alimuuliza swali gumu kuhusu uoshaji. Akamjibu papo hapo, na profesa akaandika.

Mama yake Mlezi alikuwa amekaa safu ya tatu na kitambaa chake kipya kichwani. Hakuelewa asidi wala vifuko. Makofi yalipolipuka alimgeukia daktari bingwa aliyekaa kando yake, mtu asiyemjua kabisa, akamshika mkono.

"Huyo ni wangu," alimwambia. "Kitinda mimba. Piga makofi vizuri, baba."

Na bingwa akasimama, akapiga.