Kona ya Nyuma, Kushoto

Jeneza la mazoezi lilijazwa mchanga. Seremala alituazima la mbao mbichi, lisilo na rangi wala vishikio, na Sajenti wa gwaride alitaka uzito wake ulingane na ule wa kweli ili mabega ya wabebaji yasije yakashtuka siku yenyewe.

"Marehemu alikuwa na kilo ngapi?" akauliza, ameshika mdomo wa gunia.

Tulikuwa uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi, kati ya pikipiki zilizokamatwa na tangi la maji linalovuja.

"Nauliza."

"Kabla ya kula au baada ya kula, afande?" akasema Koplo Kiazi.

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka, wakaacha. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mchanga unavyoingia kwenye maungio ya mbao, nikawaza kwamba seremala atanuna akirudishiwa jeneza lake likiwa hivyo. Ndivyo nilivyokuwa tangu Jumanne. Jambo likisemwa nalisikia, nalielewa, halafu linanipita kama gari la mtu nisiyemjua.

Marehemu tulimwita Ngongoti. Bohari haikuwa na suruali ya saizi yake, kwa hiyo soksi zake zilijulikana mtaa mzima. Mimi naitwa Kifungo, kile cha shati, na mwenye macho haulizi kwa nini. Aliyetupanga doria moja alikuwa na utani, au hakutazama. Sokoni walipiga miluzi tukitokea. "Afande, leo umetoka na begi lako?" Begi ni mimi. Ngongoti angewajibu, "Begi hili lina meno, jaribuni kulifungua," nami ningewaonyesha meno.

Sikio lake la kulia lilikufa siku alipopigwa jiwe kwenye vurugu, kabla hatujajuana. Kwa hiyo mimi nilitembea kushoto kwake, na kila nilipofungua mdomo yeye aliinama. Macho yake yalizoea mbali, juu ya vichwa vya watu. Ya karibu niliyaangalia mimi. "Mtaro," nilimwambia. "Waya." "Shimo." Naye anainama, anasikia, anaruka, anaendelea na stori yake. Jioni alijipaka dawa ya misuli shingoni, akanilaumu mimi. "Kifungo, ukinizika mapema ujue ni shingo."

Sajenti alichagua wabebaji sita kwa fimbo yake ya kupimia. Aliwasimamisha ukutani, akachora mstari wa chaki juu ya bega la kila mmoja. Mistari ikalingana kama rafu ya vitabu. Nikamwendea.

"Afande, naomba kona ya nyuma, kushoto."

Alinitazama kuanzia kofia, na safari haikuwa ndefu. "Kwa nini hiyo?"

"Anabebwa miguu mbele, afande. Kichwa kinakuwa nyuma. Kushoto ndiko nilikokuwa natembea."

Sitasema Sajenti ni mtu mbaya. Aliinamisha fimbo, akaniambia taratibu, kama unavyomweleza mtu mwenye homa. "Konstebo, jeneza si ndoo, kwamba kila mtu anashika anapofikia. Bega lako likiwa chini, litainama. Likiinama, bendera itateleza. Maua yataanguka. Mama yake atakuwa kiti cha mbele anatazama. Unataka mama yake aone hayo?"

"Sitaki, afande."

"Basi. Wewe utabeba kofia yake. Juu ya mto, mbele kabisa, peke yako. Hiyo ni heshima kubwa kuliko ya hawa wote."

"Kofia nimeshaibeba."

Alidhani nakubali. Akaniandika.

Jumanne lori la matofali lilikatika breki kwenye mteremko wa soko. Ngongoti aliliona kabla ya mtu yeyote, maana ya mbali yalikuwa yake. Alishuka barabarani, akawa anasukuma mikokoteni pembeni kwa miguu na kwa mikono, akipiga filimbi, na watu wakapisha. Wote wakapisha, isipokuwa yeye. Mimi nilikuwa ng'ambo, kwa mama mmoja aliyeibiwa simu. Nilipofika wapagazi walikuwa wameshaanza kumnyanyua kumweka kwenye gari la mzigo. Nikapeleka mikono begani kwake.

"Dada, pisha wenye nguvu," mmoja akaniambia. Hakusema kwa ubaya.

Nikapisha. Nina pingu kiunoni, nina rungu, nina sauti ya kusimamisha basi, na nikapisha. Mtu mwingine akanipa kofia. Nilikaa nayo mapajani mpaka hospitali, na nilipoambiwa kwamba basi, nilikuwa bado nayo. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Sasa wananipa kofia tena.

Tulifanya mazoezi. Mto ulitolewa kwenye kochi la Mkuu wa kituo, ukavalishwa kitambaa cheusi. Kofia yenyewe ilikuwa kwa fundi inapigwa brashi, kwa hiyo nilitembea na sahani ya plastiki ya Kiazi juu ya mto, hatua za pole, macho mbele. "Usiniangushie sahani," Kiazi alininong'oneza nilipompita, "hiyo ndiyo familia yangu." Nyuma yangu mchanga ulitembea bila kuyumba. Sajenti aliweka glasi ya maji juu ya jeneza, wakazunguka uwanja mzima, na maji hayakumwagika. Alishusha pumzi. Nadhani ndiyo mara pekee wiki ile nilipomwona akifanya hivyo.

Kona ya nyuma kushoto alipewa Kiazi. Tulipopumzika nikamfuata kwenye tangi, anakunywa kwa kiganja.

"Kiazi, nipe nafasi yako."

"Mimi mwenyewe nimetiwa soli ndani ya kiatu ndipo nimefika chaki. Wewe utatiwa nini, ngazi?"

"Nipe."

"Kifungo." Akajipangusa midomo. "Mtu wangu. Ungekuwa hata na ukubwa wa matusi yako, ningekupa. Lakini yule mzee atanila mbichi. Na safari hii atakuwa na haki."

Siku ya mazishi kulikuwa na viti vya plastiki, spika zinazokoroma na magari ya wakubwa yaliyoegeshwa vibaya, ambayo siku nyingine Ngongoti angeyafunga minyororo bila kuuliza ya nani. Mama yake alikaa mbele. Ni mfupi; sijui ule urefu mwanawe aliutoa wapi. Hakulia wakati ule, nami sikulia, na mashangazi walinitazama kama mtu aliyekuja na viatu ndani ya nyumba. Mmoja alinisogelea akaninong'oneza, "Lia kidogo, mwanangu, watu wanaona." Nikajaribu. Nikakaza koo kama mtu anayetaka kupiga chafya. Hakikuja kitu.

Mkubwa mmoja akasoma hotuba. Alisema marehemu alikuwa askari aliyesimama wima, wima mbele ya hatari, wima mbele ya vishawishi, wima siku zote. Aliipenda hiyo wima yake, akairudia mpaka spika ikachoka. Nikawaza shingo ya Ngongoti na kile kichupa cha dawa ya misuli. Tangu tupangwe pamoja sijamwona mtu yule amesimama wima hata siku moja. Alikuwa ameinama ananisikiliza.

Sala zikaisha. Jeneza lilikuwa juu ya stuli mbili, limefunikwa bendera, maua ya wakubwa juu yake. Limebaki kubebwa kwenda kaburini, si mbali, kama kutoka getini hadi kaunta ya kituo. Sajenti akajiweka sawa.

"Wabebaji! Tayari!"

Nilikuwa mbele, na mto mikononi, na kofia juu ya mto. Sikuamua chochote. Ningependa kusema niliamua, ila nilikuwa nimekauka mle ndani, na miguu ndiyo iliyogeuka. Nikaenda hadi kiti cha mbele.

"Mama, nishikie."

Akapokea, kama unavyopokea mtoto wa abiria mwenzako anayetafuta nauli. Hakuuliza. Nikarudi nyuma ya jeneza, upande wa kushoto.

"Pisha," nikamwambia Kiazi.

"Kifungo, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Pisha, Kiazi."

Alinitazama. Sijui aliona nini, maana mimi mwenyewe sikuwa nahisi kitu cha kuonekana. Akapiga hatua moja pembeni, akasimama mkakamavu na mikono mitupu, macho mbele, kama vile ilipangwa hivyo tangu mwanzo.

Sajenti aliniona. Lakini amri ilikuwa imeshatoka mdomoni: "Inua!"

Mbao zikapita sikioni kwangu zikaenda zake juu. Zikakaa kwenye mabega ya wenzangu watano, mabega ya chaki. Juu ya bega langu kukabaki uwazi. Sahani ya Kiazi ingepita pale bila kugusa. Nikanyoosha mkono, vidole vikafika chini ya ubao. Bendi ikaanza. Tukatembea. Kwa mbali huenda nilionekana nabeba, lakini sikuwa nimebeba chochote. Nilikuwa natembea chini yake kama mtu aliyejikinga mvua.

Mbele yangu alikuwa dereva wa kituo, mtu asiyeongea hata akigongwa gari. Bila kugeuza kichwa akasema, "Umemfikia?"

"Bado."

"Ngoja."

Akakunja magoti. Aliye mbele yake akasikia uzito umehama, akakunja naye. Wa upande wa kulia walitukana kwa meno yaliyofumbwa, kisha wakashuka pia, maana wangefanya nini? Na kona ikaja. Ikashuka polepole, ikanigusa, ikakaa. Ubao ulikuwa na ncha, na ncha ikaingia hapa, karibu na shingo.

Yaliyofuata yote yalikuwa kama Sajenti alivyosema. Bendera iliteleza ikaniangukia usoni, nikawa naona ulimwengu kwa jicho moja. Maua ya wakubwa yalianguka, dereva akayakanyaga kwa sababu hakuwa na pengine pa kuweka mguu. Bendi ilikuwa inafuata miguu yetu, na miguu yetu haikuwa na mpango, basi tarumbeta ikaenda huku na ngoma kule. Watu wazima watano walitembea wamechuchumaa nusu, kama wanaopita chini ya kamba ya nguo. Simu zikainuliwa.

Nikasubiri kuhisi kitu. Nilihisi ubao. Ubao, na uzito, na uzito ulikuwa mwingi kuliko nilivyodhani; mchanga wote ule haukumfikia. Kichwa chake kilikuwa pale, upande wa sikio zima, nyuma ya unene wa ubao mmoja. Tulipokaribia nikaona udongo uliochimbuliwa na ukingo wake. Wenzangu walikuwa wanatazama mbele, walivyofundishwa.

"Shimo," nikasema. Kwa sauti ile ile ya doria, wala si kubwa.

Wote tukasimama.

Keshoye Mkuu wa kituo aliniita ofisini. Kochi lilikuwa limerudishiwa mto wake, ila kitambaa cheusi hakijavuliwa. Sajenti alisimama dirishani, mgongo kwetu. Mkuu alinigeuzia simu yake juu ya meza. Picha ilikuwa jeneza limelala upande, bendera imening'inia, na chini yake kitu kifupi kisicho na uso.

"Nchi nzima imeona," akasema.

"Ndiyo, afande."

Sajenti akaongea bila kugeuka. "Nimezika askari wengi. Tangu nipewe kazi hii hakuna aliyewahi kuyumba mikononi mwangu. Hata mmoja. Huyu ndiye niliyetaka aende vizuri kuliko wote." Sauti yake ilikwaruza. "Unajua mama yake kasemaje? Kasema watu watasimulia kwamba mwanangu alizikwa upande."

"Najua, afande. Nilikwenda kwake."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimpa pole. Akanipa maji. Kofia hataki kuirudisha."

"Na radhi? Ulimwomba?"

"Hapana, afande."

Mkuu akasugua macho. Ni mtu mpole, anapenda mambo yaishe. "Sikiliza, binti. Sote tumefiwa. Najua hukuwa sawa. Kesho asubuhi, kabla ya zamu kupangwa, utasimama mbele ya wenzako, utamwomba Sajenti radhi. Sentensi moja. Sema ulizidiwa na uchungu, watu wataelewa, mimi nalifunga. Usiposema, unatoka doria. Utakaa bohari unahesabu soksi, na sijui hadi lini."

Nikawaza bohari, na suruali zisizomfika mtu. Bega liliniuma pale ncha ilipoingia. Lilikuwa limevimba, na shati liligusa kila nilipopumua. Tangu Jumanne hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nakihisi.

"Sikuzidiwa, afande," nikasema. "Nilikuwa na akili zangu."

"Usijimalize."

Sajenti akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu yalivyowahi kuwa wiki ile. "Mimi sihitaji mbele ya watu," akasema. "Niombe hapa hapa, tuachane."

"Pole sana kwa msiba, afande."

"Sikukuomba pole. Pole anapewa aliyefiwa."

"Ndiyo. Na wewe umefiwa."

Kidevu kilimcheza. Kisha akajikaza, akawa Sajenti tena. "Omba radhi, Konstebo."

"Siombi."