Matusi ya Maman Mathilde

Kwa maneno ya tonton Radjabu, aliyekuwa akikaa ghorofa ya chini kabisa na kutoa mifuko ya taka kabla ya jirani yeyote kuamka, fundi viatu mzee Crispin hakufa wala hakuhama. Alisogea tu ukutani kupisha gari lililoleta sofa ya watu wapya. Gari likapita, yeye hakurudi. Radjabu aliposogea kutazama alimkuta ndani ya lipu, bapa kama picha, kofia kichwani, mguu mmoja mbele, soli ya kiatu imeachia.

"Nilimuona na macho yangu, Sidonie," alisema Radjabu. "Nikamuuliza, papa Crispin, uko nafanya nini humo? Akanijibu, niko napisha gari. Bon. Nikaenda kutupa bichafu yangu."

Sidonie hakuona sababu ya kumbishia. Radjabu alikuwa mtu wa Uvira, na alipenda kutia chumvi kwenye habari za wanawake na za safari, lakini habari za kichochoro chao alikuwa akizitoa kama zilivyo. Isitoshe, asubuhi ile ile Sidonie alipita hapo akienda kazini, akamsalimu fundi, na fundi akamwitikia kutoka ukutani kwa sauti yake ya kila siku, sauti ya mtu mwenye misumari mdomoni.

Kichochoro kilikuwa mtaa wa Marolles, nyuma ya Rue Haute, chini ya lile Jumba la Mahakama ambalo majukwaa yake ya ukarabati yamekaa hadi yenyewe yakashika kutu na kutaka kukarabatiwa. Nyumba zote zilikuwa zimenunuliwa na kampuni moja. Dalali wa kampuni, Monsieur Gérald, kijana mpole mwenye skafu, alipita mlango kwa mlango akiwaeleza wapangaji kwamba watahama. Aliwaeleza taratibu, kama daktari. Wenye watoto mtaa wa Anderlecht walikwenda Anderlecht. Wasio na pa kwenda waliingia ukutani. Baada ya fundi viatu aliingia mzee wa njiwa, na njiwa wawili begani, kisha Lucienne aliyekuwa akipiga kodiani kwenye baa ya kona. Baa ikawa duka la sabuni.

Kazi ya Sidonie ilikuwa kumtunza maman Mathilde. Alikuja kila asubuhi, akamwosha, akamchana, akamfunga aproni, halafu wakasukuma pamoja mkokoteni hadi kwenye soko la vitu vikuukuu. Mathilde aliuza konokono wa baharini waliochemshwa na seleri na pilipili, kama mama yake alivyouza. Mteja alikula amesimama, akamalizia kwa kunywa supu ya bakuli, na muda wote huo Mathilde alimtukana. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya mtaa. "Kunywa upesi, wewe mwenye pua ya bomba la mvua, kabla supu haijakuona ikatapika." Mteja alicheka, akamtukana naye. Aliyepewa bakuli kimya kimya alijua amekosana na Mathilde, na angejiuliza wiki nzima amefanya nini.

Wiki ya kwanza Sidonie alilia chooni. Huko Bukavu hakuna mzee aliyewahi kumwita goti la mbuzi. Baadaye akazoea, na baadaye tena akawa hawezi kuanza siku bila tusi lake. Kwa kuwa shule aliishia ya msingi, maneno ya mji huu aliyafundishwa na Mathilde, yote, pamoja na salamu. Siku alipokwenda komuni, kwenye ofisi za manispaa, kufuata kitambulisho, alimsalimu bwana wa dirishani kwa heshima kubwa, akamwambia ana masikio ya kukaushia nguo. Bwana yule hakuwa mtu wa mtaa. Alimkalisha kwenye benchi hadi dirisha likafungwa. Sidonie alirudi amechanganyikiwa, na Mathilde alipopewa habari alikasirika kweli kweli, si kwa Sidonie, kwa komuni. "Wamemweka dirishani mtu asiyejua kusalimiwa."

Kisha Gérald akamfikia Mathilde. Alimwambia amepatiwa nafasi kwenye nyumba ya wazee Ganshoren, mahali patulivu, penye bustani.

"Ganshoren," alisema Mathilde. "Huko hata paka huomba ruhusa ndipo alie. Nitamtukana nani?"

Gérald alisema kuna wauguzi.

Siku ya kuhama, Mathilde alimwomba Sidonie amkazie aproni vizuri. Akashika upawa wake, akatoka nje, akatazama ukuta kama mtu anayetafuta kiti ndani ya basi, akaegemea katikati ya fundi viatu na Lucienne. Lipu ilimpokea bila kelele. Sidonie alibaki na sanduku la nguo mkononi.

Ofisi iliyomwajiri ilimwambia mteja wake hana anwani tena, kwa hiyo kazi imekwisha. Alipata nyingine, kusafisha maofisi karibu na kituo cha Schuman, jioni. Asubuhi aliendelea kuja kichochoroni kama kawaida, na ndoo ya maji ya moto na sponji. Alimwosha Mathilde uso, shingo na mikono. Mgongo haukufikika tena, na jambo hilo lilimkera, maana kilichokuwa kikimwasha bibi zaidi ni mgongo. Kisha alimnywesha supu kwa kijiko, lipu ikaivuta polepole, na Mathilde akamwambia pilipili imepimwa na mtu aliyelala.

Watalii walianza kuletwa. Waliwapiga picha wote wanne na njiwa, wakatukanwa, wakacheka. Kampuni ikaweka taa za kuwamulika na kibao chenye maandishi ya dhahabu: HAPA ROHO YA MTAA INAISHI. Kodi ikapanda.

"Wakati alikuwa na magoti hawakumupatia hata kiti," alisema Radjabu, naye akifunga mizigo yake. "Sasa hana magoti, bamemuwekea taa. Donc, hapa ili bakupende, kwanza unaacha kuwa muntu."

Waliohamia hawakuwa watu wabaya. Walipenda mkate wa ngano nzima, walisalimu, na waliupenda ukuta. Ndio uliowafanya wachague kichochoro kile. Jumapili ya kwanza, walipotoka na baiskeli zao, Mathilde aliwakaribisha kwa ukarimu wake wote. Kila mmoja alimpa tusi lake, lililomkaa sawasawa, na hata mbwa hakusahauliwa. Walisimama wakisikiliza hadi mwisho. Jumatatu walimpigia Gérald simu. Picha ni nzuri sana, walisema. Lakini hawakuambiwa kwamba inaongea.

Juma lile kilikuja kibao cha pili, cha kukataza kugusa na kulowesha. Mlinzi wa komuni alimkuta Sidonie akifuta shavu la Mathilde.

"Madame, huu ni urithi."

"Huyu ni Mathilde," alisema Sidonie.

"Ndiyo. Ni urithi."

Sidonie alimwaga maji yake kwenye mfereji, na ndoo akaondoka nayo mlinzi.

Alipoambiwa kwamba ukuta utapakwa vanishi ili mvua isiuharibu, Sidonie aliomba ruhusa ya jioni ile kazini, akachemsha supu, akaja nayo kwenye chupa ya chai. Mtu wa kupaka vanishi, jina lake Tito, alikuwa tayari juu ya ngazi. Alianza na mzee wa njiwa, na njiwa wakaacha kuguna. Akaja kwa fundi viatu, aliyekuwa akimweleza habari za lile gari. Brashi ilipita usoni, na habari ikakatika katikati. Vanishi ilikuwa nzuri. Fundi aling'aa, akaonekana kijana.

Gérald alisimama pembeni akitazama kama kazi inakwenda sawa. Tito akasogeza ngazi.

"Na wewe mwenye masikio ya sahani," alisema Mathilde, "mama yako anajua uko nje?"

Tito alicheka, akasema mama yake anajua. Akapaka aproni. Akapaka upawa na mikono. Sidonie alifungua chupa, akapita chini ya kamba, na kijiko kikafika mdomoni. Mathilde akameza, akasema ni maji ya kuoshea soksi. Halafu akaanza kumtukana Sidonie, upesi upesi, bila kupumua, matusi ambayo hakuwahi kumpa mtu sokoni, mazuri, marefu, kama anayemwaga kabati zima chini ili mwingine achukue anachoweza kubeba. Sidonie alijaribu kuyashika yote. Mengine yalimpita.

Brashi ilikuwa shingoni.

"Monsieur Gérald," alisema Sidonie, "mpake kote, si neno. Mumwachie mdomo. Mimi nitakuja mapema kabla watu hawajaamka, na nitamwambia atukane kwa sauti ya chini."

Tito alishika brashi hewani, akamgeukia Gérald. Gérald alikuwa ameinama, akiangalia kama vanishi imedondokea kiatu chake.

"Mdomo tu, monsieur," alisema Sidonie.