Divai Iliyovundikwa Louisville

Mzee Donati wa mtaa wa Black Rock, mjini Buffalo, Amerika, alikuwa amekwisha kusema neno lake kwa simu, na neno lenyewe lilikuwa fupi: binti yake Nadine hatawapa watu wa barabarani. Hakuwa na maana ya majambazi. Alikuwa anawasema Warundi wenzake wanaofika Louisville leo, kesho wakasikia Columbus kuna shifti nzuri ya kazi, wakafunga magodoro juu ya gari, na kabla majirani wa huko hawajayashika majina yao, wameshapata habari za mji mwingine. Donati alikimbia Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakimbia Kongo akiwa na mke, akahamishwa kambi hadi kambi huko Tanzania akiwa na watoto. "Nimekimbia vya kutosha," alisema. "Hata fungu la Nadine la kukimbia nimelimaliza mimi." Kama wanataka kuja kuposa waje, mgeni hafungiwi mlango. Ila jibu zuri wasilitegemee.

Revokatus, baba wa kijana Yonasi, aliyapokea maneno hayo kule Louisville akiwa amesimama jikoni. Mwingine angewaka. Yeye alitabasamu, akashuka ngazi mpaka chini ya nyumba, kwenye bezimenti, akamwangalia mke mwenza wa Spés.

Hilo ndilo jina ambalo mkewe, Spés, aliipa chupa ya divai ya mumewe. Ililala chini ya ngazi, kwenye giza, imeviringishwa kitenge, na mumewe alikuwa akienda kuijulia hali kila Jumapili baada ya misa. "Mwenzangu amepewa kitenge kipya," Spés alikuwa akisema, "mimi naambiwa ningoje Krismasi."

Mambo yalianza mwaka wao wa pili Amerika. Revokatus alikuwa akiosha vyombo katika mkahawa wa Mwitaliano mmoja mzee, Sandro. Mwaka 2008 magoti ya Sandro yaligoma, mkahawa ukafungwa, na siku ya mwisho mzee akamketisha Revokatus mezani kama mteja. Akammiminia divai nyekundu ya kwao, inayoitwa Barolo, iliyokuwa bado changa. Revokatus aliitazama akaidharau. Rangi yake ilikuwa nyepesi, ungeweza kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Hata divai ya misa ilikuwa nzito kuliko hiyo. Basi akapiga funda la kiume. Fizi zikakaza, ulimi ukakauka, mashavu yakashikana kama mtu aliyeng'ata ndizi mbichi na maganda yake.

Sandro alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamimina kutoka chupa nyingine, divai ile ile, ila hiyo ilikuwa na umri wa mtu mzima. Rangi ilikuwa imegeuka ya tofali. Ilinukia waridi lililokauka, na nyuma ya waridi ikanukia lami iliyopigwa na jua, na nyuma ya lami kulikuwa na kitu ambacho Revokatus hakukijua jina. Ukali ulikuwamo bado, lakini umekaa chini, umeshika adabu. Na alipomeza, ladha haikuaga. Alivaa koti, akatembea mpaka kituo cha basi, ikawa bado yuko nayo.

Zabibu yake, Sandro alimweleza, huiva mwisho kabisa, wakati wa ukungu, wenzake wakiwa wamekwisha kuvunwa. Sheria ya kwao haiachi divai hiyo iuzwe kabla haijapita miaka mitatu, na hata hapo bado ni mtoto. Akampa chupa moja ya mwaka 2004. Ilazwe ubavu, pasiwe na jua, pasiwe na joto, isitikiswe, mpaka mwanawe atakapooa.

Revokatus hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Jambo hilo alilijua tangu utotoni. Hakuna anayetengeneza pombe ya ndizi kwa ndizi mbichi. Unachimba shimo, unazivundika, unafunika majani, unangoja. Tofauti ni kwamba ndizi huiva kwa siku chache tu, na pombe yake usipoinywa upesi inachacha. Hawa wenzetu wamepata kitu cha kuvundika miaka. Kilichomgusa siku ile si divai, ni shimo. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa na mahali pa kuvundika kitu kwa miaka. Nani ahangaike kuchimba kambini, na hajui ataamkia wapi?

Kwa hiyo akailaza. Mdogo wake Ezéchias, aliyekuwa Columbus, akawa anapiga simu: "Kaka, huku maghala yanalilia watu. Njooni."

"Siwezi. Kuna kitu nimekivundika."

Ezéchias alikata simu akiamini baridi imemharibia kaka yake kichwa. Kusema kweli, si chupa peke yake iliyomzuia Revokatus. Kulikuwa na shule ya Yonasi, kulikuwa na kwaya ya Spés. Lakini kila aliposhawishika alishuka ngazi, akakigusa kile kitenge, akapanda na akili zake timamu. Majirani wakayajua majina yao. Yonasi akawa mrefu kuliko mlango wa bezimenti, akaanza kazi, na katika harusi moja ya Warundi akamwona Nadine.

Basi mwezi wa kumi mwaka 2016 wakaondoka Louisville kwa gari, Yonasi akiendesha, Spés akiwa amepakata chupa imelala mapajani. Walilala Columbus, kwa Ezéchias, maana yeye ndiye angekuwa mshenga. Mungu alimnyima subira akamlipa kwa ulimi. Alipofunuliwa kitenge alitazama, akatazama tena nyuma ya chupa kama kuna nyingine.

"Chupa moja, kaka? Tunaenda kuposa au kumwona mgonjwa?"

"Hiyo ndiyo pombe yangu. Wewe leta za kwako."

Ezéchias akapakia makreti ya bia na soda mpaka gari likainama nyuma.

Nyumba ya Donati ilikuwa ya mbao, karibu na mto, na kila msumari uliokuwa juu ya paa aliupiga yeye. Sebule ilijaa. Wenyeji walijifanya hawajui wageni wamefuata nini, wageni wakajifanya wamepotea njia, kama inavyotakiwa. Donati aliketi kwenye kiti chake, mtu mwembamba wa maneno machache, mikono juu ya magoti. Nadine alikuwa jikoni na mama zake, na kila mlango ulipofunguliwa Yonasi alinyoosha shingo.

Ezéchias akasimama. Akasema vizuri sana, hata adui angekubali. Kisha akaiinua Barolo juu, watu wote waione, na kwa heshima yote aliyokuwa nayo akaitikisa. Aliitikisa chini juu, juu chini, vilivyo, kama unavyokoroga mtungi wa pombe ya mtama kabla ya kumpa mkubwa, ili machicha yapande na mkubwa asipewe maji matupu. Kwao asiyekoroga ni mchoyo.

Revokatus aliona mkono ukipanda. Alinyoosha wake amzuie, akachelewa. Miaka minane mashapo ya ile divai yalikuwa yamelala chini, na mdogo wake ameyaamsha yote kwa pumzi moja.

Desturi yetu, aliyeleta pombe huionja kwanza mbele ya watu, ijulikane kwamba hakuleta sumu, kisha humpa mkwe. Revokatus akazibua, akamimina. Glasi ilikuwa na tope. Akaonja, ikamkwaruza, chungu, imekunja ngumi, kama hajawahi kuilaza hata siku moja. Macho yote yalikuwa kwake. Akimpa Donati hiki kitu, atakuwa amemletea matope kutoka Louisville. Na asipompa? Mtu anayeonja pombe kisha akamnyima mkwe wake, watu watasema nini? Aliona posa ya mwanawe ikimteleza mikononi.

Akainua glasi, akainywa yote, mashapo na uchungu wake, mpaka tone la mwisho, wote wakimwona.

"Sumu haimo," akasema. "Lakini mzee, hii sikupi. Haijatulia. Naomba isubiri."

Minong'ono ikaanza. Donati akainua mkono, ikakoma.

"Pombe isubiri? Sisi pombe tunayoijua, ikisubiri inachacha."

"Hii ikisubiri ndiyo inakuwa pombe. Changa inauma mdomo. Inataka kulala mahali pamoja, giza, bila kusumbuliwa, na aliyenayo asiwe na haraka. Mimi nimeilaza miaka minane chini ya ngazi yangu. Mdogo wangu ameisumbua kwa mapenzi, simlaumu. Ipewe muda, mzee. Tule kwanza."

Alisema hivyo bila kuinamisha kichwa. Alikuwa na hofu, ndiyo, lakini chini ya hofu alijisikia anajivuna, na hakuona haya. Watu wangapi katika sebule ile wangeweza kusema nimekilinda kitu kimoja, mahali pamoja, miaka minane?

Donati akaigeukia chupa. "Iwekwe pale," akasema, akaonyesha kabati lililo chini ya msalaba.

Ikasimamishwa pale, bila kizibo. Wakala ugali na nyama na maharage, bia za Ezéchias zikanywewa, na kitu cha ajabu kikatokea: watu wakaanza kupita karibu na kabati kwa kunyata. Watoto walipoanza kufukuzana, Donati mwenyewe aliwatoa nje. Shemeji mmoja alitaka kucheza muziki, akaambiwa akae. Ezéchias, ambaye alikuwa amekwisha kuelewa alichofanya, alikaa mikono katikati ya mapaja, mpole kama mwari.

Vyombo vilipoondolewa, Revokatus akaichukua chupa kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Akamimina taratibu, akaacha ya chini yote na tope lake. Ikashuka ikiwa safi, nyepesi, rangi ya tofali inayoanza kuzeeka. Akaonja. Moyo ukamrudi mahali pake. Waridi lilikuwapo, na lami, na kile kingine kisicho na jina. Akampa Donati glasi kwa mikono miwili.

Donati alinusa. Akanusa tena, amefumba macho. Akanywa kidogo, uso ukakaza kwa ule ukali, ukalegea polepole. Hakusifu. Aliiweka glasi gotini, na kila mtu alijua ladha bado anayo mdomoni. Kwenye mlango wa jikoni Nadine alikuwa amesimama, hakuna aliyemrudisha.

"Revokatus," akasema mwishowe. "Chupa hii imehama mara ngapi?"

"Tangu nipewe nikailaza?"

"Tangu uilaze."

"Mara moja, mzee. Kuja hapa kwako."

Donati akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubaliana na nafsi yake. Akaimaliza glasi bila haraka. Kisha akainuka, akamshika Revokatus mkono, na bila kusema lolote kwa mshenga wala kwa wazee akamwongoza kupitia jikoni, wakampita Nadine, wakashuka ngazi za nyumba ile aliyoitengeneza kwa mikono yake.

Chini kulikuwa na baridi. Donati alilipita tangi la maji ya moto, akalipita dirisha dogo, akafika kwenye kona iliyo chini ya ngazi. Akainama, akasukuma kando boksi la nguo za zamani, akapangusa sakafu kwa kiganja.

"Mkija kwa mahari," akasema, "leteni nyingine, changa. Itamngoja mjukuu wetu hapa."